Refa Asiyegeuka Kulia

Fundi vioo huyu watu wote walimwita Filimbi, hata wateja ambao hawakujua timu ya mpira ina wachezaji wangapi. Siku tano za wiki alikata vioo vya madirisha katika chumba chenye meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, na Jumamosi na Jumapili alichezesha mechi za ligi ya mtaa. Alikuwa amezichezesha kwa miaka ishirini na miwili. Ukimuuliza kazi yake alikwambia ni refa, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa mdogo, kwamba anaweka vioo pia.

Katika maneno yote ya lugha, alilolipenda kupita yote lilikuwa lile fupi kabisa: tu. Alilibandika mwishoni mwa kila balaa. Kioo cha mteja kimepasuka? Ni ufa tu. Mvua imeingia dukani? Ni maji tu. Lakini neno hilo lilifanya kazi ya sulubu hasa pale lilipohusu kifundo cha mguu wake wa kushoto. "Nimeteguka tu," alisema, na mjadala ukafungwa.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Alikuwa anakimbia kinyumenyume, kama wafanyavyo marefa ili wasiupe mpira kisogo, akakanyaga ukingo wa mfereji. Unyayo ukapinduka kwa ndani, kitu kikalia "ta!", na kufikia jioni kifundo kilikuwa kimevimba hadi soksi ikagoma kupita. Zahanati wakampiga picha, wakamwambia hakuna mfupa uliovunjika. Filimbi akaipokea habari hiyo kama mtu aliyeshinda kesi.

Na kwa kweli hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Mguu uliovunjika hupewa plasta na heshima. Watu huutembelea, huuandikia majina ya utani, hauguswi kwa wiki sita. Mguu ulioteguka hufungwa kitambaa na kuambiwa ujikaze kisabuni. Filimbi alijikaza. Siku ya kwanza aliuchovya kwenye maji ya moto, ya pili akauwekea barafu, ya tatu akaupaka dawa ya kuchua iliyomfanya mkewe ahamishie mto wake upande wa dirisha, na siku ya tisa alikuwa uwanjani, anachechemea na kupuliza.

Baada ya miezi mitatu akateguka tena. Halafu tena. Mkewe, mshonaji wa mashuka na mapazia, mwanamke mwenye kichwa kisichosahau vipimo, alizihesabu zote. Ya tano ilikuwa kwenye ngazi, Filimbi akiwa amebeba kioo cha kujitazamia cha mama mmoja mwenye nyumba. Kioo kilipona, mguu haukupona. Ya nane aliteguka akiwa amesimama kwenye foleni, hafanyi lolote, anasubiri zamu yake kama raia mwema. Kufikia ya kumi na nne kifundo kilikuwa kimechoka hata kuvimba. Kililegea tu ghafla, kama mguu wa meza uliotoka msumari, na Filimbi akayumba, akatazama huku na huku kama kuna aliyeona, akaendelea na safari.

Basi mwili una akili zake, na haumwombi mwenyewe ruhusa. Ili ugeuke kulia kwa kasi, sharti ukite mguu wa kushoto chini na kuuegemea kwa uzito wako wote. Mguu wa kushoto wa Filimbi ulikwishajiuzulu kazi hiyo. Kwa hiyo Filimbi akaacha kugeuka kulia. Hakuamua, aliacha tu, kama mtu anayekoroma asivyojua kwamba anakoroma. Mpira ukihamia kulia kwake ghafla, alizunguka kushoto, mzunguko mzima, kama lori linalotafuta pa kugeuzia, na alipomaliza kuzunguka yaliyokuwa yatokee yalikuwa yameshatokea. Nyumbani alilizunguka kochi kwa nje. Soli ya kiatu chake cha kushoto ililika upande mmoja hadi fundi viatu akamuuliza kama anatembea juu ya paa.

Na kila mwaka alifaulu mtihani wa mbio wa marefa! Mtihani wenyewe ulikuwa kuuzunguka uwanja, na viwanja vya mbio, kama ujuavyo, huzungukwa kwa kushoto. Filimbi aliuona huo ni ushahidi tosha kwamba yuko fiti.

Pazia lilifunguka Jumapili moja mchana, mezani.

Mdogo wa mkewe, kijana wa miaka ishirini na sita aliyecheza winga, alikuja kula akiwa na mdomo uliovimba na pengo la jino la mbele. Jana yake, katika mechi iliyochezeshwa na shemeji yake, alikuwa amepigwa kiwiko. Filimbi hakupuliza.

"Sikuona, shemeji," Filimbi alisema huku akijipakulia. "Nisichokiona sikipulizii. Ndiyo sheria."

"Najua hukuona," kijana alisema, kwa shida, kwa kuwa herufi nyingine zilikuwa zinapitia kwenye pengo. "Ningeshangaa kama ungeona. Si ilikuwa likizo?"

"Likizo gani?"

Kijana akamtazama dada yake. Dada yake akatazama sahani.

"Nauliza, likizo gani?"

Filimbi alilijua neno hilo vizuri. Kwa misimu mitatu au minne alikuwa akiwasikia wachezaji wakiitana uwanjani: "Likizo! Mpeleke likizo!" Alidhani ni mbinu ya kushambulia, ya kupumzisha mpira pembeni. Aliipenda kiasi kwamba katika kikao cha makocha alisimama na kuwapongeza kwa kubuni mfumo wao wenyewe, na makocha wakapiga makofi huku wakiinamisha vichwa. Filimbi alidhani ni unyenyekevu.

"Shemeji, usinikasirikie," kijana alisema. "Likizo ni kulia kwako. Popote ulipo, kulia kwako. Kila mtu anajua hugeuki huko. Mtu akitaka kumvuta mwenzake jezi, au kumkanyaga, anangoja umpe bega la kulia, anampeleka likizo. Ukishazunguka, watu wamesimama wima wanakutazama kama waimbaji wa kwaya."

"Nani kasema sigeuki kulia?"

Filimbi akainuka, kwa hasira ya mtu anayekwenda kuleta ushahidi, akataka kugeuka kulia kuelekea jikoni. Mguu wa kushoto ukafikiri kidogo, ukakataa. Akajikuta ameshazunguka kushoto, amelipita kabati, ameipita televisheni, na amefika mlango wa jikoni kwa njia ndefu, mbele ya macho ya familia nzima. Alikaa huko jikoni muda mrefu akijifanya anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Aliumia. Hakuumizwa na utani wa wachezaji. Refa aliyetukanwa miaka ishirini na miwili ana ngozi ngumu. Aliumizwa na lile pengo. Alikuwa amejivunia maisha yake yote kwamba uwanjani kwake mnyonge hapati taabu, na kumbe kulikuwa na eneo zima, linalotembea naye kila aendako, ambamo kila mtu alifanya atakavyo. Jino la shemeji lilikuwa limepotelea humo.

Na kulikuwa na jambo la pili. Chama cha marefa kilikuwa kimetangaza mtihani mpya. Baada ya wiki sita, kila mwenye zaidi ya miaka arobaini angekimbia kati ya koni mbili, kwenda na kurudi, akigeuka mara nane: nne kushoto, nne kulia, ndani ya sekunde arobaini. Atakayeshindwa, jina lake linatoka kwenye orodha ya msimu. Filimbi alikuwa na miaka arobaini na saba. Bila filimbi, alijua, Jumamosi angebaki fundi vioo ambaye hajafungua duka.

Aliyempeleka kliniki ni mama mkwe. Bibi huyo alikuwa akihudhuria chumba cha mazoezi ya viungo kila Jumanne kwa ajili ya goti lake, na alipoisikia habari ya likizo alicheka hadi akashika mbavu, kisha akafuta machozi na kusema, "Mkwe wangu, Jumanne saa tatu uwe umeoga." Filimbi hakuwahi kumbishia mama mkwe, na hakuona namna ya kuanza sasa.

Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, mipira mikubwa ya rangi, na kioo cha ukuta mzima ambacho Filimbi alikiona mara moja kuwa kimebandikwa vibaya. Mtaalamu alikuwa dada mpole, mwenye soksi za mistari na faili mkononi.

"Karibu, baba. Umewahi kuumia mguu huu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Kuumia, hapana. Nimeteguka tu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, mbili..."

"Kumi na nne," mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua macho. "Binti yangu anazo zote."

Dada aliweka kalamu chini. Akamwomba Filimbi asimame kwa mguu wa kulia, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Filimbi alisimama kama nguzo ya umeme. Akahesabiwa hadi thelathini, akaanza kujisikia mtu wa maana. "Sasa wa kushoto," dada alisema.

Alifumba macho. Sekunde ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili kifundo kikaanza kutetemeka, kikivutana huku na huko. Ya tatu ulimwengu ukainama, Filimbi akatupa mikono hewani, na alipofumbua macho alikuwa ameketi juu ya mapaja ya mama mkwe wake.

Haya ni mambo ambayo mkwe mwenye adabu hayawazii hata akiwa na homa. Filimbi aliruka kama aliyekalia pasi ya moto. "Samahani mama, samahani sana mama, naomba radhi mama." Bibi alinyoosha gauni lake, akakohoa, na kwa uso mkavu kabisa akasema, "Hata mume wangu alianza kwa kupiga hodi."

Dada alipomaliza kucheka kwa kujificha nyuma ya faili, alieleza. Kano zinazoshika mifupa ya kifundo upande wa nje, alisema, zilinyooka na kuchanika siku ile ya kwanza, na hazikupewa muda wa kupona. Kila alipoteguka tena zililegea zaidi. Lakini ubaya haukuishia kwenye kano. Ndani ya kifundo kuna hisi zinazoiarifu akili kila dakika: ardhi imeinama huku, jirekebishe. Za kwake zilikuwa zimezubaa. Mguu haukujua uko wapi, na aliyebaki kuuongoza ni macho.

"Watu wa michezo ndio wagonjwa wangu wakubwa," dada alisema. "Mtu akivunjika anakuja. Akiteguka anafunga kitambaa, anarudi uwanjani wiki ya pili, miaka kumi baadaye analetwa kwangu hawezi ngazi. Ukiuacha hivi, baba, gegedu la ndani, ule ulaini unaotenganisha mifupa, litasagika, na utakuwa unausikia mguu huo kila asubuhi kabla hujamsikia mwadhini wala jogoo."

"Utapona?"

"Utaimarika. Kuwa kama wa kiwandani, sikuahidi."

Alipewa mazoezi, nayo yalikuwa ya kumshusha mtu hadhi. Asimame kwa mguu wa kushoto akipiga mswaki. Asimame kwa mguu wa kushoto juu ya mto. Ausukume mguu nje dhidi ya mkanda wa mpira, mara kumi na tano, apumzike, arudie. Aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Filimbi, aliyetarajia angalau sindano, alijiona amepewa michezo ya chekechea.

Hata hivyo alifanya, na kwa bidii ya kuudhi. Wateja walimkuta kasimama kwa mguu mmoja nyuma ya meza ya vioo, akipiga mahesabu ya dirisha hewani, wakadhani ni nadhiri. Shemeji alipita kila jioni kumsukuma bega kidogo ili aone kama ataanguka, na alilipiza jino lake kwa namna hiyo wiki mbili mfululizo. Mama mkwe alimtaka amhesabie na yeye, na siku moja alimshinda kwa sekunde sita na kutangaza matokeo kwa majirani. Mkewe peke yake hakutania. Alisogeza kochi kimyakimya likakaa katikati ya njia, ili mume wake asipate njia ndefu ya kulizunguka, akarudi kwenye cherehani yake.

Wiki ya tano, Filimbi akitoka dukani na kipande cha kioo begani, gari lilipiga honi, naye akageuka kulia. Aligeuka kwanza, akajua baadaye. Alisimama palepale kando ya barabara, kioo begani, akitabasamu, mpaka dereva akamuuliza kama ana tatizo.

Siku ya mtihani uwanja ulikuwa mkavu na umefagiliwa. Marefa kumi na mmoja walijipanga, matumbo yamevutwa ndani. Aliyeshika saa alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, refa mstaafu aliyeitwa Dakika. Zamu ya Filimbi ilipofika, Dakika alimvuta pembeni.

"Sikiliza. Mimi natazama saa, sitazami miguu. Wewe geukia unakokuweza. Zote nane kushoto, utamaliza kwa thelathini na saba, nakujua. Tusisumbuane."

Filimbi alimtazama. Sitadanganya kwamba hakutamani. Alitamani kiasi kwamba mate yalimjaa mdomoni. Angeweza kurudi nyumbani akiwa refa na kusema ulikuwa mtihani tu. Lakini kwenye mstari wa pembeni alikuwa amesimama shemeji yake, amekuja kumshangilia, anacheka na pengo lake lote nje, na Filimbi akaona kwamba hawezi.

"Tazama saa yako," alimwambia Dakika. "Nitageuka kama ilivyoandikwa."

Alikimbia. Kushoto, vizuri. Kulia: akaukita mguu chini, ukatetemeka, ukashika. Kushoto. Kulia, akashika tena, na sauti ya shemeji ikasikika uwanja mzima. Mara ya tatu kulia alipunguza mwendo, kwa sababu woga wa miaka kumi na tisa hauishi kwa wiki sita. Ya nne vilevile. Alivuka mstari wa mwisho akiwa amesimama wima kwa miguu yake yote miwili.

Dakika aliitazama saa, akaitazama tena. "Arobaini na moja na nusu," alisema polepole. Kisha akasogea karibu. "Lakini kidole changu kilichelewa kubonyeza."

"Hakijachelewa. Andika."

"Filimbi..."

"Andika, bwana. Mbona unanifanya nikuombe?"

Dakika akaandika. Filimbi alimpa mkono, akampa na shemeji, akasema anataka kurudi peke yake. Alitembea kwa miguu njia nzima, akapita mbele ya duka lake bila kulitazama. Hakuna ubishi, alihuzunika kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, pazia la mteja limemjaa mapajani. Filimbi alisimama mlangoni.

"Nimeanguka," alisema.

Pazia lilitupwa. Mkewe alikuwa sakafuni kwa magoti kabla hajamaliza kuvuta pumzi, ameshika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, vidole gumba vikipapasa chini ya kifundo, mfupa kwa mfupa. "Wapi? Hapa? Umesikia kitu kikilia? Kaa, usiukanyage. Mungu wangu, kaa!"

"Si mguu," Filimbi alisema. "Mtihani. Nimeanguka mtihani."

Mikono ikatulia. "Mguu mzima?"

"Mguu mzima. Sekunde moja na nusu ndiyo iliyonimaliza."

Alitegemea pole. Badala yake mkewe aliinama, paji la uso likagusa kiatu chenye vumbi, akaanza kulia, si kwa sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Filimbi alipigwa na butwaa. Hakuwahi kuangukiwa na jambo ambalo hakujua sheria yake.

"Unalilia nini sasa? Nimekwambia mguu mzima."

"Unajua Jumamosi mimi nafanya nini?" mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Sishoni. Nakaa na kitambaa mkononi, sishoni hata mstari mmoja. Nasikiliza. Ukifungua mlango wa nje nasikiliza hatua, kama ni za watu wawili wamekushika, au zako mwenyewe unachechemea, au salama. Miaka kumi na tisa. Wewe unaingia unasema tu, tu, tu, halafu unaniuliza kuna chai."

Filimbi alishuka chini, taratibu, akakaa kando yake sakafuni, juu ya vipande vya nyuzi. Aibu ilimshika, ya kweli, isiyo na utani ndani yake.

"Kuna mtihani wa marudio," alisema hatimaye. "Baada ya miezi mitatu. Niende, au niache?"

Mkewe aligeuza uso, macho mekundu, akamtazama kana kwamba amesikia vibaya.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Ukisema niache, naacha."

Mkono wa mkewe ulikuwa bado umekizunguka kifundo. Nje mtu alikuwa anapiga msumari, akapumzika, akapiga tena.

"Nenda," alisema. "Lakini tutakwenda wote. Nimechoka kusikiliza mlango."